Hebaria, maabara au msituni: njia tatu za mtaalamu wa mimea

Mwaka 2012 kundi la wanasayansi lilichapisha makala na kudai kwamba mibuyu ya bara la Afrika si ya spishi moja, ni ya spishi mbili. Huu tunaoujua sote, Adansonia digitata, ungebaki na jina lake la tangu enzi za Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa kutaja viumbe kwa majina mawili. Ule wa miinukoni, wenye maua madogo na, kwa madai yao, kromosomu pungufu, ungeitwa Adansonia kilima. Jina la Kiswahili hasa, sikufichi, nililipenda. Mwaka 2016 watafiti wengine wakaurudia ushahidi ule: wakaangalia maumbile upya, wakahesabu kromosomu, wakasoma vinasaba. Wakakuta mbuyu ni uleule mmoja, na "kilima" ikabaki kisawe katika orodha za majina.

Nimeanza na mbuyu kwa sababu ugomvi kama huu hauamuliwi na mtu wa aina moja. Anahitajika wa kusimama chini ya mti wenyewe jioni, maana ua la mbuyu hufunguka giza likiingia na kesho yake limenyauka. Anahitajika wa kufungua makabati ya vielelezo vikavu vilivyochumwa na watu waliokwisha kufa. Na anahitajika wa kukaa maabara akisoma kilichoandikwa ndani ya seli. Hizo ndizo njia tatu alizonazo mhitimu wa botania, yaani elimu ya mimea, anayetaka kuishi kwa kuchunguza wingi wa mimea na namna ilivyogeuka kwa vizazi.

Wanaonijia kuomba ushauri huwa wamekwama hapohapo. Shahada ya kwanza imeisha, mjomba amekwisha uliza mara tatu kama botania ndiyo kuuza maua, na muda wa kuomba ufadhili unakaribia kufungwa. Basi tuziweke njia hizo bega kwa bega.

Vipimo tutakavyotumia

Nitapima kila njia kwa mambo matano: siku ya kazi ilivyo, kinachochosha, masomo na muda, mlango wa ajira na fedha, na alama anayoiacha mtu. Havina uzito sawa. Kwangu mimi cha pili ndicho kizito kuliko vyote, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Siku ya kazi

Hebaria ni nyumba ya mimea iliyokaushwa. Kila kielelezo kimebandikwa kwenye karatasi ngumu, pembeni kina lebo: nani alichuma, wapi, lini, kwenye mwinuko gani, ua lilikuwa na rangi gani. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina vielelezo takribani milioni moja, na chimbuko lake ni Amani, Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Arusha ipo Hebaria ya Taifa ya Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere wana za kwao. Kongo wana ya Yangambi. Mtaalamu wa taksonomia, elimu ya kuainisha viumbe na kuvipa majina, hushinda humo akilinganisha: jani kwa jani, unywele kwa unywele chini ya darubini, mpaka ajue kilicho mbele yake kina jina au hakina. Mchana anahudumia wageni: mwanafunzi aliyeleta tawi bila ua, daktari wa mifugo anayetaka kujua ng'ombe wamekula nini.

Maabarani siku hugawanywa na mashine. Asubuhi unasaga kipande cha jani na kutoa DNA, mchana unaandaa PCR, yaani kuzidisha nakala za kipande cha DNA mpaka zitoshe kusomwa, kesho yake unatazama kama imekubali. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi iko kwenye kompyuta: data zikirudi, unazipanga na kujenga mti wa nasaba unaoonyesha nani ndugu wa nani. Unaweza kumaliza mwezi mzima hujaona mmea ulio hai, isipokuwa ule wa kwenye kopo dirishani.

Msituni saa yako ni jua na mvua. Mnaamka, mnapanda, mnapima kiwanja cha hekta moja: kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi unapimwa usawa wa kifua, unapewa namba, unatambuliwa. Usipoutambua unatafuta tawi. Matawi ya mti wa mita 30 hayachumwi kwa mkono, kwa hiyo kuna manati, kuna kamba, kuna kijana wa kijiji anayepanda kuliko mtu yeyote aliyesoma. Usiku mnapanga majani kati ya magazeti kwa mwanga wa taa ya kichwani.

Kinachochosha

Kila kazi ni tamu siku ya kwanza. Vijana wengi huchagua kwa picha: mtu amekumbatia shina kubwa, ukungu nyuma yake, anacheka. Hakuna anayepiga picha ya siku ya 19, viatu havijakauka tangu Jumatatu na gari limekwama mtoni. Swali langu kwa anayeomba ushauri ni hili: katika machovu haya matatu, lipi unaweza kulibeba miaka 20 bila kumchukia mtu nyumbani kwako?

Uchovu wa hebaria ni wa polepole. Unaweza kukaa na familia moja ya nyasi miaka sita, na watu wanaoweza kuelewa unachobishania duniani kote hawajazi daladala. Vumbi lipo, harufu ya dawa ya wadudu ipo. Baadhi ya vielelezo vya zamani vilipakwa sumu ya zebaki ili visiliwe, kwa hiyo glavu si za kuonyesha wageni. Kuna kusubiri ambako mtu wa haraka hakuwezi: uchunguzi mmoja uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya zilizoelezwa ndani ya miaka mitano tangu kuchumwa mara ya kwanza, na karibu robo ya maelezo ya spishi mpya yalihusisha vielelezo vilivyokaa zaidi ya miaka 50. Ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa 1952 ikakamilika 2012, na ilipofungwa ilikuwa na spishi 12,104. Kuna walioanza kuiandika wakafa kabla ya kuona jalada la mwisho.

Uchovu wa maabara ni wa kushindwa bila kujua kosa liko wapi. PCR imekataa. Je, ni kemikali zilizoharibika umeme ulipokatika, au ni jani lenyewe? Huenda ni jani: mchumaji alikuwa kwenye msitu wa mvua, hakuwa na moto wa kukaushia, akamwagia magazeti spiriti ili majani yasioze. Kielelezo kikapona kwa macho, vinasaba vikaharibika. Hapo ndipo watu wa maabara na watu wa msituni hununiana, na wote wana haki. Dawa yake ni rahisi, kipande cha jani kwenye mfuko mdogo wenye jeli ya silika, punje za kunyonya unyevu, papo hapo msituni, lakini lazima awepo wa kukumbuka wakati mvua inanyesha. Tena kemikali nyingi hutoka nje, hukaa bandarini au uwanja wa ndege, na zinatakiwa ziwe kwenye baridi. Mimi niliwahi kungoja kifurushi wiki saba. Kilipofika, barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji ya uvuguvugu. Siku ile nilijua maabara si yangu, ingawa nilikuwa na alama nzuri kuliko wenzangu waliobaki.

Uchovu wa msituni ni wa mwili na wa karatasi. Wa mwili kila mtu anaujua: ruba, malaria, mteremko. Wa karatasi hauelezwi darasani. Kabla hujachuma jani unahitaji kibali cha utafiti, kinachotolewa na tume za sayansi, COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, na juu yake kibali cha wenye hifadhi, barua ya wilaya, na salamu kwa mwenyekiti wa kijiji, ambazo ukizipuuza utarudi mikono mitupu hata ukiwa na mihuri yote. Ukitaka kupeleka sampuli nje ya nchi kuna masharti ya Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika 2014, inayotaka makubaliano ya wazi juu ya nani atafaidika na nini. Ni sheria nzuri. Inakula miezi. Halafu, kwa bahati mbaya ya kazi hii, miti haichanui kwa kufuata kalenda ya mfadhili: unafika, spishi uliyoifuata imemaliza maua wiki mbili nyuma, na bila ua au tunda mtu wa hebaria atakutazama kama mgonjwa aliyemwambia daktari "naumwa" akanyamaza.

Masomo na muda

Msituni unaweza kuingia mapema kuliko kwingine. Diploma ya misitu au shahada ya kwanza inatosha kuanza kama msaidizi wa utafiti. Wapo wataalamu wa kuheshimika wasio na cheti chochote cha botania.

Hebaria ina ngazi mbili. Fundi wa hebaria, anayebandika, kupanga na kutunza, anaweza kuwa na cheti au diploma. Anayeamua majina anahitaji uzamili na mara nyingi uzamivu, pamoja na kitu kisichouzwa chuoni: kukaa karibu na mzee anayelijua kundi fulani la mimea. Zamani ulihitaji pia Kilatini cha kuandikia spishi mpya. Tangu 2012 Kiingereza kinakubalika, ingawa atakayesoma maelezo ya karne ya 19 hataepuka kufungua kamusi.

Maabara ndiyo yenye ngazi ndefu. Bila uzamivu utabaki kuwa mwendesha mashine, kazi nzuri lakini si ya kuuliza maswali yako. Jifunze takwimu na kuandika programu mapema. Nairobi kuna maabara ya BecA kwenye kampasi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha China na Afrika kilichopo chuo kikuu cha JKUAT, Juja, Kenya, kimewapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusomea uzamili na uzamivu China, wengi wao kwenye bustani ya mimea ya Wuhan.

Ajira na fedha

Hapa sitazunguka: hakuna njia ya utajiri kati ya hizi tatu.

Nafasi za hebaria ni chache na hutoka mtu anapostaafu. Ukiipata, ni ajira ya kudumu yenye saa za kueleweka, bima na pensheni. Lakini usidhani makabati ni ngome. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilitangaza kuifunga hebaria yake yenye vielelezo zaidi ya 800,000. Kama tajiri anafunga, maskini naye ana la kuogopa.

Maabara huenda na miradi. Miaka mitatu una mshahara mkubwa kuliko wa mwenzako wa serikalini, mwaka wa nne unaandika maombi ya fedha usiku na mchana. Faida yake ni kwamba ujuzi unahamishika: aliyejifunza kusoma vinasaba vya migunga anaweza kuajiriwa kwenye mbegu za mihogo, kwenye maradhi ya mifugo, hata hospitalini. Wa hebaria hana mlango huo wa nyuma.

Msituni fedha huja kwa mafungu: mikataba ya miezi, posho za uwandani, tathmini za athari kwa mazingira. Barabara, bwawa au mgodi unapopangwa, sheria hudai ijulikane ni mimea gani itakayoathirika, na mtu anayeweza kutaja majina hutafutwa. Kazi hizo hulipa vizuri na zina mtihani wa dhamiri, maana anayekulipa ndiye anayetaka kujenga. Hifadhi na mashirika ya uhifadhi huajiri pia, na huko uzoefu wa kupanda milima una uzito kuliko cheti.

Alama inayobaki

Wa hebaria huacha jina lake nyuma ya majina ya mimea, na vielelezo ambavyo mtu atavifungua miaka mia ijayo.

Wa maabara hubadili picha nzima. Ni vinasaba vilivyoonyesha kwamba jenasi ya Acacia haikuwa ukoo mmoja; mkutano wa kimataifa wa wanabotania wa Vienna wa 2005 ukaamua jina libaki na jamaa wa Australia, wa Melbourne wa 2011 ukathibitisha, na migunga yetu ikawa Vachellia na Senegalia. Wapo wazee wa uwandani ambao hadi leo hawajasamehe. Ua la Usambara nalo, lililopewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, lilionekana kinasaba kuwa limo ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus, na 2015 likahamishiwa humo rasmi. Mwaka 2024 ukachapishwa mti wa nasaba wa mimea itoayo maua wenye spishi zaidi ya 9,500, uliojengwa kwa jeni 353. Baadhi ya DNA yake ilitoka kwenye vielelezo vya hebaria, kimoja kikiwa na karibu miaka 200. Mkausha majani wa wakati ule hakujua hata neno DNA.

Na wa msituni? Mti mpya wa familia ya mtopetope uliopatikana Amani uliitwa Mischogyne iddii mwaka 2019, kwa heshima ya Iddi Rajabu, aliyekuwa mtaalamu wa mimea wa hifadhi ile. Udzungwa, mti mkubwa unaofika mita 40, Tessmannia princeps, ulielezwa kisayansi mwaka 2025 baada ya kuonekana 2019 kwenye misitu ya hifadhi za vijiji. Mita 40, na hakuna aliyekuwa ameuandika. Kwanza mtu alilazimika kufika na kusema: huu siujui.

Kwa hali yako

Kama nyumbani wanakutegemea tangu mwezi wa kwanza baada ya mahafali, anza na msituni. Hakikisha tu kila kazi unayoifanya inaacha vielelezo kwenye hebaria yenye kutambulika; orodha ya majina bila vielelezo ni maneno yako tu, na ripoti hizo za tathmini huishia kwenye droo.

Kama una alama za juu, unaweza kukaa mbali miaka mitatu au minne, na kushindwa hakukuvunji moyo bali kunakukera ukarudia, nenda maabara. Kabla ya kukubali ufadhili muulize msimamizi jambo moja: data na sampuli zitabaki wapi nikirudi?

Kama una mtoto mchanga au mzazi wa kuuguza, wiki nne za kambi ni mzigo kwa watu wawili. Hebaria ina saa zinazokubaliana na shule na kliniki. Maabara pia, ukiacha usiku wa hapa na pale. Lakini kama vumbi hukuletea pumu, ondoa hebaria kwenye orodha hata kama unaipenda.

Kwa aliye Kongo au Burundi, Kifaransa ni mtaji: mkusanyo mkubwa wa mimea ya Afrika ya Kati uko kwenye bustani ya Meise, Ubelgiji, na maandishi yake mengi ni ya lugha hiyo. Hapo hebaria, hata ya kuangalia picha kwenye kompyuta, inaweza kukufikisha mbali kabla hujapata nauli.

Msomaji uliyeko Ulaya au Marekani Kaskazini una faida usiyoihesabu. Lebo za zamani zimejaa majina ya Kiswahili, Kisambaa, Kizigua, yameandikwa na masikio ya kigeni, na anayezichapa kwenye kompyuta hajui kuwa "mwule" ni mvule. Hebaria nyingi huko hupokea watu wa kujitolea. Ingia kwa mlango huo uone kama ukimya wa makabati unakufaa.

Waliokwisha ajiriwa ualimu wa biolojia na wanatamani kurudi kwenye mimea wasiache kazi haraka. Likizo mbili za msituni na mzee anayejua mimea zitakufundisha kuliko fomu za maombi.

Na kama umesoma mpaka hapa ukiwa bado katikati, usichague leo. Tafuta wiki mbili mbili. Wiki mbili bandika vielelezo, angalau mia, na uandike lebo zake. Wiki mbili mwombe mtu wa maabara ukae kando yake, hasa siku ambayo mambo yamekataa. Wiki mbili beba presi, mbao za kukandamizia mimea, na magazeti kwenye kambi ya mtafiti yeyote atakayekukubali, msimu wa mvua, si wa kiangazi. Kisha andika barua ya maombi, na uambatishe picha ya kielelezo ulichokichuma na kukiandaa mwenyewe. Msimamizi mzuri ataisoma lebo kabla hajaitazama GPA.